Vizimba viwili, boriti moja: sanamu ya mgodi inayotembea bila kuunguza mota

Msomaji wetu, fundi wa kuchomelea kutoka Katuba, Lubumbashi, ameuliza hivi: «Yaya, salamu. Ninatengeneza sanamu ya mgodi wa makaa ya mawe kwa vyuma vya mitraille (vyuma chakavu): mnara wenye magurudumu juu, na ndoo inayopanda na kushuka. Ndoo ina uzito wa kilo 4 pamoja na mawe. Nimetumia mota ya waipa (kifuta kioo) ya gari, na juu yake nimefunga mkono wa sentimita 20 unaovuta waya wa ndoo. Inafanya kazi kama dakika kumi, kisha mota inatoa harufu ya kuungua. Mnara wote unatikisika, na waya unaruka nje ya gurudumu. Nitafute mota kubwa zaidi?»

Mdogo wangu, mota kubwa usinunue. Ukiiweka, harufu itaondoka lakini mtikisiko utazidi, na waya ukiruka siku hiyo utaruka kwa nguvu ya kumuumiza mtu. Kasoro zako zote tatu zina mzizi mmoja: sanamu yako inabeba ndoo kama mtu anayevuta maji kisimani kwa mikono mitupu. Mgodi haufanyi hivyo. Ukiiga mgodi wenyewe, si sura yake peke yake, mota hiyohiyo uliyo nayo itatosha na nguvu itabaki.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayoonyesha mota inaungua kwa nini. Kilo 4 zinavuta kwa nyutoni 39 hivi. Mkono ni sentimita 20, yaani mita 0.2. Zidisha: 39 kwa 0.2 ni karibu nyutoni-mita 8. Hiyo ndiyo nguvu ya kuzungusha inayodaiwa kwa mota kila mkono unapolala mlalo. Mota ya waipa ikisukumwa inaweza kutoa zaidi ya hapo kwa muda mfupi, lakini kwa kazi ya kuendelea saa nzima ihesabie 5 tu. Ndoo inapopanda unaidai kupita uwezo wake, na inaposhuka huidai kitu. Umeme unaoingia bila kugeuka mwendo unageuka joto, na vanishi ya nyaya za ndani ndiyo unayoinusa.

Mtikisiko nao unatoka hapohapo. Mzigo mzito upande mmoja, upande wa pili hakuna kitu, na mota ya waipa inazunguka mara 40 hadi 65 kwa dakika. Kila mzunguko mnara unavutwa, unaachiwa, unavutwa, unaachiwa. Waya unalegea ndoo inapofika juu na kugeuka ghafla, na waya uliolegea ndio unaoruka.

Sasa tazama migodi yenye visima vya wima ilivyotatua jambo hili. Mnara wa kisima, ambao kwenu mnauita chevalement, kwa kawaida una magurudumu mawili juu, si moja. Kamba mbili, vizimba viwili vya kubebea mzigo. Kimoja kinashuka kitupu huku kingine kinapanda kimejaa. Uzito wa kizimba unabebwa na kizimba mwenzake, na mashine inabaki kuinua makaa tu. Kipushi, mji wa mgodi, iko kama kilomita 30 kutoka Lubumbashi, na ina mnara wa kisima. Ukiwa barabarani utazame kwa macho kabla ya kukata chuma chochote, ila usipige picha wala kusogelea eneo la mgodi bila ruhusa. Kule madini ni shaba na zinki, lakini mnara wa shaba na mnara wa makaa ya mawe ni ndugu wa tumbo moja. Na makaa ya mawe si mgeni Katanga: yalichimbwa Luena, kwenye reli kati ya Bukama na Kamina, na kabla ya hapo tanuri za Union Minière, kampuni ya Kibelgiji ya migodi, zilitegemea makaa yaliyoletwa kwa reli kutoka Wankie, ambayo leo inaitwa Hwange, Zimbabwe. Reli hiyo ilifika Lubumbashi mwaka 1910.

Chombo cha pili ninachotaka ukiige ni mashine ya mvuke ya Thomas Newcomen. Ya mwaka 1712 ilijengwa karibu na Dudley, Uingereza, kutoa maji katika mgodi wa makaa ya mawe. Ilikuwa na boriti kubwa ya mbao iliyokaa juu ya ekseli katikati, kama bembea ya watoto. Upande mmoja ulivutwa na pistoni, upande wa pili ulivuta pampu, karibu mara 12 kwa dakika. Boriti hiyo ndiyo itakayounganisha vizimba vyako viwili, na hapo sanamu yako inapata kitu ambacho mnara peke yake hauna: mtazamaji anaona nguvu inakotoka na inakokwenda.

Mpangilio wenyewe ni huu. Boriti yako iwe ya urefu wa mita 1.2 kutoka ncha hadi ncha, bomba la mraba la milimita 50 litafaa. Ekseli yake ikae katikati, sentimita 75 kutoka chini. Magurudumu mawili ya juu yawe rimu za baiskeli ya mtoto ya inchi 20, bila tairi, ekseli zake zikiwa mita 2.15 kutoka chini. Waya unaanzia ncha ya boriti, unapanda wima, unazunguka juu ya rimu, kisha unashuka na kubeba kizimba. Ncha ya kushoto ya boriti ikishuka, kizimba cha kushoto kinapanda, na cha kulia kinashuka kwa kipimo kilekile. Rimu ya inchi 20 ina nusu kipenyo cha sentimita 20 hivi, kwa hiyo weka kila ekseli sentimita 40 kutoka mstari wa katikati. Hapo waya wa nje utaangukia sentimita 60, sawasawa na ncha ya boriti, na waya wa ndani utaangukia sentimita 20. Vizimba vyenye upana wa sentimita 20 vitapishana vikiwa na nafasi ya sentimita 20 kati yao. Usishawishike na rimu kubwa za inchi 26 kwa ajili ya uzuri: waya za ndani zitakaribiana hadi vizimba vigongane.

Kuna jambo moja hapa ambalo wengi hulipita, kisha wanashangaa waya unapojisugua pembeni. Ncha ya boriti haisogei wima. Inachora upinde. Boriti ikiinama nyuzi 30, ncha yake inarudi ndani kwa sentimita 8, na waya unainama nayo. Mafundi wa zamani walilijua hilo, ndiyo maana boriti za Newcomen zina vichwa vilivyopinda kwenye ncha zote mbili, na mnyororo unalala juu ya mpindo huo. Fanya vivyo hivyo. Kunja chuma bapa cha milimita 30 kwa 4, urefu wa sentimita 75, kiwe sehemu ya duara ambalo kitovu chake ni ekseli ya boriti na nusu kipenyo chake ni sentimita 60. Chora duara hilo sakafuni kwa chaki na uzi, ukunje chuma hadi kilale juu ya chaki bila kuacha mwanya, ndipo ukichomelee kwenye ncha, nusu juu ya boriti na nusu chini. Pembeni mwake chomelea nondo ya milimita 6 kila upande iwe ukingo wa kuzuia waya. Angalia tofauti hii: kwenye mashine ya Newcomen mnyororo ulifungwa juu ya upinde ukaning'inia. Kwako waya unapanda, basi ufunge kwenye mwisho wa chini wa upinde. Ukiufunga juu, upinde hauna kazi yoyote.

Boriti ikicheza nyuzi 30 juu na 30 chini, waya utasafiri karibu sentimita 63. Kizimba chenye kimo cha sentimita 25 kitaanza sakafu yake ikiwa sentimita 98 kutoka chini na kuishia kwenye 161. Juu yake kutabaki zaidi ya sentimita 20 kabla ya ekseli ya gurudumu, na chini yake boriti itapita bila kukigusa. Nimevipima vipimo hivi kwa pamoja. Ukibadilisha kimoja, vichore vyote upya sakafuni kwa ukubwa kamili kabla ya kukata.

Kabla ya chuma, tengeneza kwanza kwa katoni, ukubwa mara tano chini ya ule halisi, ekseli za njiti za baiskeli na waya za uzi. Usione haya na katoni. Jean Katambayi Mukendi, msanii wa Lubumbashi, amejulikana mbali kwa mitambo aliyoijenga kwa katoni, nyaya na vipande vya umeme. Katoni inakuonyesha kwa nusu siku mahali vitu vinapogongana, na kosa la katoni hukatwa kwa mkasi.

Sasa nguvu. Mota ya waipa kwa mwendo wa polepole inazunguka mara 45 hivi kwa dakika. Sisi tunataka 5. Sababu si ya kiufundi tu, ni ya macho pia: kitu kidogo kikienda haraka kinaonekana kitu cha kuchezea, kikienda taratibu jicho linakipa uzito. Kwa hiyo tupunguze mara tisa, na baiskeli mbili mbovu zitatupa kila kitu. Gurudumu la meno la pedali lina meno 48 mara nyingi, na pinyoni ya nyuma, lile gurudumu dogo la meno, 16. Hiyo ni mara tatu. Hatua mbili za namna hiyo ni mara tisa, na 45 gawa kwa 9 ni 5. Hesabu meno ya baiskeli uliyonayo. Ukikuta 46 kwa 18, utapata mizunguko karibu 7 kwa dakika, bado ni sawa.

Kata kwenye fremu mbili za baiskeli ile sehemu ya chini inayobeba ekseli ya pedali, ukiacha sentimita 10 za mabomba ya kuchomelea. Toa ekseli, vikombe na gololi zote kabla ya kuchomelea, uzirudishe na grisi mpya chuma kikishapoa. Ekseli ya kwanza inapokea mnyororo kutoka kwenye mota kwa gurudumu lake la meno 48. Upande wake wa pili kata mkono wa pedali, ubaki sentimita 3, na juu ya kisiki hicho chomelea pinyoni ya 16. Pinyoni hiyo inavuta mnyororo wa pili hadi gurudumu la 48 la ekseli ya pili. Kwenye ekseli ya pili kata mkono ulio upande wa mnyororo, uache ule wa upande wa pili: huo ndio utakaosukuma boriti. Mkono wa pedali ni wa sentimita 17 kwa kawaida, na ekseli ya pedali iliyomo ndani yake ni mhimili tayari wenye gololi zake. Vua plastiki za pedali tu. Pedali ya kushoto ina uzi wa kinyume, inakazwa kwa kuzungushwa kinyume cha saa. Weka gundi ya skrubu, na uikague kila asubuhi ya maonyesho.

Kutoka kwenye pedali hadi boriti panahitajika fito la kusukuma, bieli, lenye urefu wa sentimita 50. Lishike boriti sentimita 34 kutoka kwenye ekseli, maana 17 ni nusu ya 34, na hiyo ndiyo inayotoa zile nyuzi 30. Ekseli ya pili ikae sentimita 25 kutoka chini, wima chini ya mahali bieli inaposhika. Bieli fupi kuliko sentimita 45 usiiweke. Itasukuma boriti pembeni badala ya juu, na beringi za boriti zitaanza kulia ndani ya wiki.

Pinyoni ya nyuma ya baiskeli ndiyo ile inayolia tik-tik unapoacha kupiga pedali. Inashika upande mmoja na kuteleza upande wa pili. Ukiiacha hivyo, kizimba kikivuka kilele uzito utautangulia mnyororo, mkono wa pedali utaanguka mbele, na boriti itagonga kwa kishindo! Kila mzunguko. Ifunge kwa kuichomelea mahali panne kati ya pete ya nje na ya ndani. Mota ya waipa yenyewe ina gia ya konokono ndani, ambayo mzigo hauwezi kuirudisha nyuma kwa urahisi, kwa hiyo umeme ukikatika vizimba vitabaki palepale vilipo.

Kuunga pinyoni kwenye mota kunawashinda wengi, kwa sababu mhimili wa mota ni mfupi na una umbo la koni yenye mikwaruzo. Usichomelee kwenye mhimili. Mota za waipa huuzwa zikiwa na kile kikono kifupi cha chuma cha mitambo ya waipa, ambacho tundu lake linakaa kwenye koni hiyo barabara. Kivue, kichomelee pinyoni juu yake kikiwa mezani, kirudishe na nati yake. Zungusha na utazame kwa jirani: pinyoni ikiyumba zaidi ya milimita 1, ikate urudie, maana mnyororo utakaza na kulegea kila mzunguko na mwishowe utaruka.

Neno moja kuhusu kuchomelea karibu na beringi, na ninakuomba ulishike. Umeme wa poste (mashine ya kuchomelea) unatafuta njia fupi ya kurudi. Ukibana koleo la masi, lile la kurudisha umeme, upande mmoja wa beringi na kuchomelea upande wa pili, umeme unapita kwenye gololi, na kila mahali gololi inapogusa pete panachimbika kidonda kidogo. Beringi mpya itasaga kama ina mchanga, na utamlaumu muuzaji bure. Bana koleo sentimita chache kutoka mahali unapochomelea, kwenye kipande hichohicho. Kwa ekseli ya boriti tumia chuma cha duara cha milimita 20 na beringi mbili za 6204. Dukani uliza roulement 6204-2RS, yenye kifuniko cha mpira. Ile ya ZZ ina kifuniko cha bati, na vumbi la Lubumbashi la Agosti litaingia.

Mnara wenyewe ujenge kwa cornière (chuma cha pembe) ya milimita 40, nyuso mbili, mbele na nyuma, zikiwa na nafasi ya sentimita 30 kati yake, boriti ikicheza katikati. Kitako kiwe mita 1.6 kwa 0.9, ili mtu akiuegemea usianguke. Mraba wa chuma usio na mshazari hata uuchomelee vipi utacheza kama mkeka. Kila mraba uwekee nondo ya milimita 10 kutoka pembe hadi pembe. Shika kwanza pembe zote kwa nukta, pima mishazari yote miwili ya kila uso, na ikitofautiana zaidi ya milimita 3, gonga urekebishe ndipo uchomelee moja kwa moja, ukibadilisha pande. Miguu ya kuinama ambayo minara halisi inayo ilikuwa na sababu: nyumba ya mashine ya kuvutia ilikaa kando, kamba ikaja kwa mshazari, na mguu uliegemea upande huo kupokea mvuto. Kwako waya zinashuka wima, kwa hiyo mguu wa namna hiyo ni wa sura. Uweke tu, unapendeza na unasaidia kitako, ila usiutegemee kubeba mtikisiko.

Kwa waya, nunua kamba ya chuma ya milimita 2, mita 4 kila upande. Waya wa breki wa baiskeli hautafika. Kila mwisho fanya kitanzi na ubane kwa vibano viwili vya U, tandiko la kibano likikaa kwenye waya unaobeba mzigo na ule mduara wa U kwenye mkia uliokatwa. Ukigeuza, U inauma waya unaobeba. Ndani ya mfereji wa rimu gundisha ukanda wa tyubu kufunika matundu ya njiti. Na juu ya kila rimu chomelea kipande cha nondo kilichopinda, kikiwa milimita 5 kutoka ukingoni: waya hata ukilegea hauna pa kutokea.

Vizimba viongozwe na nondo za milimita 8, moja mbele na moja nyuma ya kila kizimba, si pembeni ambako boriti inapita. Kizimba kiwe na kina cha sentimita 16, nondo zikiwa sentimita 20 mbali, na pete zinazozishika ziwe na tundu la milimita 12. Pete mbili juu, mbili chini, umbali wa wima kati yake sentimita 23. Umbali huo wa wima lazima uzidi ule wa kati ya nondo mbili. Ukipungua, kizimba kitakwama kama droo ya kabati unapoivuta kwa upande mmoja.

Kila kizimba kiwe na kilo 1.5 tu, tofauti kati yao isizidi gramu 300. Makaa yenyewe yasiwe ya kweli. Wala usichukue slagi (taka za tanuri) kwenye lile terril jeusi la mjini, kile kilima cha taka hizo: lina mwenyewe, na vumbi la slagi lina metali zisizofaa kuingia kifuani. Chukua makala (mkaa) ya kupikia, chagua vipande vyenye pembe kali, vichovye kwenye gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji, gundi moja kwa maji matatu, vikauke siku mbili. Vitang'aa kidogo na havitatoa unga. Unga wa makala ukiingia kwenye grisi ya mnyororo unageuka msasa. Uzito unaokosekana uufiche chini yao kwa nati na buloni.

Kabla ya kufunga bieli, fanya jaribio hili, maana hapa ndipo sanamu inapofaulu au kushindwa. Boriti iwe huru, vizimba vyote viwili vikiwa vimefungwa. Isukume kwa kidole ikae mlalo, iache. Isukume iinamie kushoto, iache. Inapaswa kubaki popote unapoiacha. Ikirudi upande mmoja, ongeza buloni upande mwepesi. Kisha ning'iniza kwenye ncha moja chupa ya maji ya nusu lita iliyojaa, ambayo ni gramu 500 na kidogo. Boriti ianze kushuka yenyewe, taratibu. Isiposhuka, kuna mahali panasugua: pete ya kizimba, rimu isiyo kwenye mstari, au beringi iliyokazwa kwa nguvu. Usiendelee mbele mpaka chupa ishinde. Bieli ukishaifunga, nayo ina uzito, basi ongeza upande wa pili nusu ya uzito wake, umbali uleule wa sentimita 34.

Ukifaulu jaribio hilo, mota iliyokuwa inadaiwa karibu nyutoni-mita 8 sasa inadaiwa chini ya 1.

Washa, na uunganishe multimeta (kipimo cha umeme) kwenye waya wa mota, kwenye tundu la ampea 10. Itazame mzunguko mzima, sekunde 12. Namba ikitembea kati ya 1.5 na 2.5, mzigo umesawazika. Ikiruka kutoka 1 hadi 5, kizimba kinachopanda wakati huo ndicho kizito, au ndicho kinachosugua. Fyuzi iwe ya ampea 7.5, ile ya rangi ya kahawia, karibu na betri kabisa. Mwendo usiupunguze kwa kuweka balbu au waya mwembamba njiani, kwa sababu nguvu nayo itapungua na mota itakwama. Mota ya waipa ina waya wa polepole, wa haraka na wa kuegesha. Tafuta wa polepole kwa kujaribu, na ule wa kuegesha uache umefungwa kwa utepe. Kumbuka mota nyingi zina hasi kwenye bodi yake, kwa hiyo mnara wako wote utakuwa hasi: waya wowote wa chanya ukichubuka na kugusa chuma, fyuzi itaungua, na hiyo ndiyo kazi yake. Kwa saa 6 za maonyesho kwa ampea 2 unatumia ampea-saa 12. Betri ya gari haipendi kushushwa chini ya nusu, basi chukua ya ampea-saa 40, nawe hutaungoja umeme wa mjini.

Sauti uishughulikie kama sehemu ya kazi. Jean Tinguely, Mswisi aliyejenga mitambo ya mitraille, mwaka 1960 aliweka New York mashine iliyojiharibu yenyewe mbele ya watu, na kelele zake zilikuwa nusu ya kazi hiyo. Kwako ninapendekeza kengele. Katika migodi ya makaa ya Uingereza kengele moja ilisimamisha kizimba kinachotembea, mbili ziliamuru kiteremke, na tatu zilisema watu wamo ndani. Mkono wa pedali una tabia nzuri hapa: karibu na mwisho wa safari, kwa nyuzi 30 za mzunguko, kizimba kinasogea kama sentimita 1 tu, na nyuzi 30 ni sekunde 1 kamili. Macho yanaona kimesimama. Basi kwenye gurudumu la meno la ekseli ya pili chomelea vijiti vitatu vilivyoachana nyuzi 15, vipige ulimi wa kengele ya baiskeli sekunde hiyohiyo kizimba cha kushoto kinapokuwa juu. Mara tatu: watu wamo ndani. Kisha kinaanza kushuka.

Mitraille yako uinunue kwa mtu anayekuandikia karatasi, na usiguse nyaya za shaba wala vipande vya reli. Rangi za zamani za mashine zinaweza kuwa na risasi: zikwangue kwa maji na msasa ukiwa umevaa barakoa, usizichome. Chuma chenye zinki nacho kisage zinki yake kwanza, moshi wake unaleta homa ya usiku. Minyororo yote miwili ifunike kwa bati au wavu mwembamba usiopitisha kidole cha mtoto, na weka kizuizi mita 1 kuzunguka mnara. Vizimba ni vyepesi, lakini boriti ya mita 1.2 inayoshuka taratibu ina nguvu ya mizunguko tisa ya mota nyuma yake, na haitasimama kwa ajili ya mkono wa mtu. Swichi ya kuzimia iwe mbele, nyekundu, kimo cha kiuno, mahali hata mgeni anaifikia.